Teksi Isiyoshusha Abiria

Ijulikane kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, wenye magari na wenye miguu tu, ya kuwa Mheshimiwa Lyle Buntrock, Jaji Mkuu wa Chama cha Magari ya Polisi ya Zamani cha Kaunti ya Wexler, Indiana, msomaji wa misimbo ya kiwandani asiyekosea kamwe, ametoa hukumu, na hukumu yake haikatiwi rufaa.

Ijulikane pia kwamba kwa sasa Mheshimiwa amekunjwa kwenye kiti cha nyuma, magoti kidevuni, na anagonga kioo kwa kiatu.

Wiki jana tuliwaacha hapo hapo, wasomaji, milango miwili ya nyuma ya Chevrolet Caprice ya mwaka 1989 ikijibamiza, mmoja kushoto, mmoja kulia, na Mzee Orville Haverkamp, mwenye gari, akisema kwa upole uliotisha kuliko kelele:

"Umesema ni teksi, Lyle? Haya, shuka. Shuka kama abiria wanavyoshuka."

Akabonyeza kufuli za milango yote, akaufunga wa mbele pia, akaenda zake kununua sendiwichi.

Buntrock alishika kitasa cha mlango wake. Kilikuwa kizuri, kinang'aa, hakina hata kutu. Akakivuta. Kikavutika mpaka mwisho, laini kama ulimi wa ng'ombe, na mlango haukutikisika.

"Jaribu wa kwako," alimwambia msichana aliyekaa kando yake.

"Nimeshajaribu, Mheshimiwa."

"Jaribu tena!"

Corliss Haverkamp akajaribu tena, kwa heshima. Umri wake miaka kumi na sita, ni mjukuu wa Mzee Orville, na yuko likizoni kutoka shule ya bweni ambako adabu hufundishwa kila asubuhi na kusahauliwa taa zikizimwa. Aliingia humu kumsaidia jaji kuinua kiti, maana mafundi wa kiwandani wakati mwingine huiacha karatasi ya kuundia gari chini ya makalio ya abiria. Karatasi hawakuiona. Waliona kitana na kifungo cha shati.

"Kitasa kinavutika ila hakifungui," Buntrock alisema polepole. "Hila ya zamani. Mtu anachomoa fimbo ndani ya mlango, basi, teksi yake imekuwa gari la polisi. Babu yako fundi, lakini si fundi wa kunidanganya mimi."

"Babu hajachomoa kitu."

"Binti, lebo imesema. Lebo haina babu."

Corliss akakichezea kile kifungo cha shati. Na hapa msomaji anastahili kuambiwa alichokuwa anakijua Corliss na asichokijua jaji, maana bila hicho joto la humo ndani hutalielewa.

Kila gari la aina hii lina lebo ndogo chini ya mfuniko wa buti, imejaa misimbo ya kiwandani mithili ya maandishi ya wachawi. Anayejua kuisoma anajua gari lilizaliwa kuwa nini. 9C1 ni gari la polisi. 9C6 ni teksi. Kwa wanachama wa chama hiki, kati ya 1 na 6 kuna umbali kama wa mbingu na jehanamu.

Lebo iliyokuwa butini kwa Mzee Orville asubuhi ile ilisema 9C6.

Na lebo hiyo aliichapa Corliss, kwenye mashine ya ofisi ya shule yake, kwa uangalifu ambao walimu wake wa hesabu hawajawahi kuuona. Ilikuwa mzaha tu. Babu angefungua buti, angesoma, angeshika kifua, angepiga kelele "Wewe mtoto!", wangecheka mpaka jioni. Lakini aliyefungua buti kwanza ni Buntrock, mbele ya watu, na badala ya kucheka alivaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza.

"Orville," alisema mbele ya uwanja mzima wa maonyesho, "miaka yote hii unatuambia uliendesha gari hili ukiwa polisi wa kaunti. Umekuwa ukituonyesha teksi."

Corliss alipaswa kusema pale pale. Alifungua mdomo. Kisha akaona nyuso zote zile, akaufunga. Na mdomo ukishafungwa mbele ya watu mia, kuufungua kunataka nguvu ambazo hakujua zinauzwa wapi.

"Kuna joto," Buntrock alisema.

"Teremsha kioo."

"Swichi iko wapi?"

"Hakuna."

"Najua hakuna! Nauliza iko wapi!"

Mheshimiwa alilegeza tai. Jua la Agosti lilikuwa limekaa juu ya paa kama mgeni asiyeaga. Mbele yao wavu wa chuma ulitenganisha viti vya nyuma na vya mbele, na matundu yake yalipitisha kidole kimoja, cha mtu mwembamba.

Mzee Orville akarudi. Mkononi ana sendiwichi ya nyama ya nguruwe iliyopondwa ikakaangwa, nyama yenyewe imezidi mkate pande zote kama sahani juu ya kikombe. Akainama, akagonga kioo kwa adabu.

"Dereva anauliza, mteja anashukia wapi?"

"Fungua mlango, Orville."

"Fungua mwenyewe. Si teksi? Teksi gani duniani inamfungia abiria ndani? Atalipaje?"

"Umechomoa fimbo za vitasa!"

"Lyle, mimi nimepanda gari hili nikiwakimbiza wezi wa ng'ombe kwenye barafu. Kiti hicho ulichokalia kimelaliwa na walevi, wapiganaji, na mchungaji mmoja ambaye jina lake nalihifadhi. Hakuna hata mmoja aliyeshuka kwa hiari yake. Wewe umewahi kumkamata nani maishani, zaidi ya magego?"

Watu wakacheka. Buntrock alikuwa daktari wa meno kabla ya kustaafu, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Yeye hakuwahi kuvaa beji. Alichokuwa nacho ni misimbo, yote, kichwani, na kila mwaka siku ya maonyesho ndiyo ilikuwa siku yake moja ya kusikilizwa na wanaume waliowahi kushika bastola.

"Misimbo haicheki, Orville," alisema, jasho likimdondoka puani.

"Tamka tu. Sema, 'Hili ni gari la polisi.' Maneno matano tu, uje huku upate kivuli."

Buntrock alimtazama Corliss. Corliss alitazama viatu vyake.

"Siwezi kusema nisichokiona kwenye lebo," jaji alisema.

Alikuwa mwekundu kama nyanya. Ila hakusema. Na Corliss, ambaye tangu asubuhi alikuwa akimchukia, alijikuta hawezi tena kumchukia. Mzee huyu alikuwa anakataa kusema uongo ili apate hewa. Yeye, kwa kunyamaza tu, alikuwa anasema uongo na hewa hana.

"Babu," alisema kupitia kioo, "tufungulie. Bwana Buntrock hajisikii vizuri."

Orville akamwangalia jaji vizuri. Tabasamu likamfutika. Sendiwichi akampa mtu wa karibu bila kumtazama ni nani.

"Mzaha umetosha. Sogeeni."

Akapapasa mfuko wa suruali. Akapapasa mwingine. Akapapasa wa shati, kisha akarudia wa kwanza, safari hii kwa mikono miwili.

"Babu," Corliss aliita.

"Ngoja, nautafuta ufunguo."

"Babu. Angalia mbele."

Orville akasogea kwenye kioo cha dereva, akaweka viganja kando ya macho. Ufunguo ulikuwa unaning'inia mahali pake, kando ya usukani, na utepe wake mwekundu. Upande wa pili wa wavu, karibu na pua ya Corliss kiasi kwamba angeweza kuhesabu nyuzi za utepe huo.

"Mungu wangu," Orville alisema.

"Ufunguo wa akiba?" mtu akauliza.

"Nyumbani."

"Nyumbani karibu?"

Orville akatikisa kichwa.

Ndipo kila mtu akawa fundi. Mmoja akaleta waya wa kuanikia nguo. Mwingine akasema mpira wa tenisi hufungua kufuli yoyote, alishaona kwa macho yake, ila mpira hana. Mama mmoja akamwaga juisi yake ya limau juu ya paa ili kupooza gari, na nyuki wakafika kabla ya msaada.

Waya ulipita kando ya kioo, ukatafuta, ukakwaruza, ukatoka mtupu.

Ndani, Buntrock alikuwa ameacha kugonga. Ameegemea, macho amefumba, kifua kinapanda juu juu.

"Mheshimiwa? Bwana Buntrock! Niongeleshe. Niambie... niambie msimbo wa taa ya ubavuni."

"7X6," alisema bila kufumbua macho. "Taa ya kutafutia... upande wa dereva."

"Na vioo vya nyuma visivyo na swichi?"

"6N5."

"Na milango ya nyuma isiyofunguka?"

Jicho moja likafumbuka. "6N6. Kwa nini unauliza, binti?"

"Nakuweka macho tu."

Nje, kijana mmoja mwenye mabega mapana alikuwa amekuja na nyundo. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya mlango wa nyuma, akamtazama Orville, kwa sababu kila mtu uwanjani alijua Orville alivyo na gari lile. Vioo vyake vyote ni vile vile vya kiwandani, alama zake ndogo zipo pembeni, na katika miaka thelathini hajamruhusu mtu avipanguse kwa kitambaa kisichokuwa chake.

"Vunja," Orville alisema.

"Una uhakika, mzee?"

"Mjukuu wangu yumo ndani. Vunja, unangoja nini? Nipe hiyo nyundo nivunje mwenyewe!"

Akaipokonya. Akaiinua.

Corliss aliona uso wa babu yake kupitia kioo. Haukuwa na hasira hata kidogo. Akapiga kelele kabla hajafikiri:

"Usivunje! 6E2! Babu, gari lina 6E2! Kamwite Bi. Odessa, aje na ufunguo wake!"

Nyundo ikasimama hewani.

"Anaongea nini?" kijana wa mabega akauliza.

Aliyejibu ni Buntrock, ambaye ghafla alikuwa macho pima. "6E2 ni ufunguo mmoja," alisema, akisogeza mdomo kwenye upenyo wa kando ya kioo, pale ulipopita waya. "Kaunti ikinunua magari kumi, yote yanafunguliwa na ufunguo mmoja, ili polisi yeyote achukue lolote. Gari la Odessa Pruitt ni la kaunti hii, la mwaka ule ule na hili. Nimelikagua mwenyewe. Ni halali kama maji."

"Kwa hiyo ufunguo wake utafungua na hili!"

"Kama hili lilikuwa gari la kaunti. Teksi haitafunguka." Akameza mate. "Na likifunguka, mimi nimemwita mtu mkweli mwongo mbele ya watu wote."

"Unataka tusijaribu?"

Buntrock alifikiri. Kwa kweli alifikiri, wasomaji, akiwa katika joto lile.

"Mwite," alisema.

Bi. Odessa Pruitt alifika akitembea kwa madaha, kofia pana, feni ndogo ya mkononi, hana haraka na mtu. Alikuwa mpokea simu za dharura wa kaunti kwa miaka mingi, na sauti yake hata sasa ilifanya wanaume wanyooshe mgongo.

"Nani kajifungia?"

"Jaji Mkuu," wakajibu watu kumi.

Akainama dirishani. "Lyle. Mwaka jana ulinikata alama kwa sababu ya skrubu moja."

"Haikuwa ya kiwandani, Odessa."

"Skrubu moja, Lyle!"

"Odessa, mama, tafadhali," Orville alisema, "utamtukana akishatoka."

Bi. Odessa akautoa ufunguo, akauchomeka kwenye mlango wa dereva. Uwanja mzima ukasogea karibu, hata watoto. Ufunguo uliingia. Haukuzunguka.

"Ni teksi," mtu alinong'ona.

"Nyamaza wewe." Bi. Odessa akautoa, akaupulizia, akauchomeka tena, akautikisa kidogo kama mtu anayembembeleza mtoto mkaidi. Ka! Kufuli zote nne zikaruka kwa pamoja.

Makelele yaliyofuata yalisikika mpaka kwenye mabanda ya nguruwe. Watu walimvuta Buntrock nje kwa makwapa, wakammwagia maji, wakamkalisha juu ya kreti. Orville alimshika Corliss kwa mikono yote miwili, akamtazama kana kwamba anahesabu viungo vyake, kisha akambana kifuani mpaka akakosa pumzi upya.

"Umeokoa kioo changu," alimwambia sikioni. "Na jina langu. Umeviokoa vyote, mjukuu wangu."

Corliss alitaka ardhi ipasuke.

Buntrock akasimama. Shati limemganda mwilini, nywele chache alizonazo zimeelekea pande nne. Akaomba kipaza sauti, akapewa.

"Nilisema hili ni teksi," alisema. "Nimekosea. Ufunguo umethibitisha. Hili ni gari la polisi wa kaunti hii, na Orville, nakuomba radhi mbele ya wote."

Vigelegele. Kofia hewani. Orville akanyoosha mkono ili ashikane naye.

Buntrock hakuupokea.

"Sijamaliza. Kama gari ni la polisi, basi lebo yake ni ya uongo. Mtu ameighushi. Na kanuni ya chama chetu inajulikana: gari likikutwa na lebo ya kughushi, mwenye gari anafutwa uanachama, maisha."

"Ebo!" Bi. Odessa akang'aka. "Nani aghushi gari lake la polisi liwe teksi? Ni sawa na mtu kughushi cheti ili aonekane amefeli!"

"Kanuni haiulizi sababu. Na siyo yangu mimi. Aliiandika mwanzilishi wa chama."

Watu wote wakamgeukia mwanzilishi wa chama. Alikuwa amesimama na mkono wake bado umenyooshwa, hewani, hana wa kumpa.

"Niliiandika," Orville alisema. "Na ni kanuni nzuri. Lakini Lyle, sijabandika kitu."

"Basi ni nani? Nani mwingine anagusa gari lako?"

Hapo Bi. Odessa, ambaye alikuwa ameenda butini kusoma lebo kwa macho yake, akarudi polepole. Hakumtazama Buntrock. Alimtazama Corliss, na alipoongea alitumia sauti ile ya simu za dharura, ya chini, isiyoruhusu mtu kukata.

"Mwanangu, hii lebo nimeisoma juu mpaka chini. 6N6 haimo. 6E2 haimo. Wewe ulijuaje gari lina 6E2?"

Corliss alizisugua ncha za vidole vyake.

Orville alimtazama mjukuu wake. Aliangalia mikono yake, kisha uso wake, na kwa namna macho yake yalivyotulia ilionekana wazi kuwa ameshajua. Hakuuliza. Aliinua mkono wake kwenye kola, akaanza kuifungua beji ya chama, ile ya kwanza kabisa kutengenezwa.

"Andika jina langu, Lyle," alisema. "Nimebandika mimi. Uzee. Nimesahau tu."

"Babu, hapana."

"Nyamaza, Corliss."

"Sinyamazi! Nimenyamaza tangu asubuhi!" Sauti yake ilipasuka, na kipaza sauti kilichokuwa mkononi mwa Buntrock kiliipokea na kuirusha uwanja mzima. "Ni mimi! Nimeichapa shuleni, nikaibandika mwenyewe juzi. Ulikuwa mzaha. Nilidhani Babu ataiona kwanza. Bwana Buntrock, usimfute. Nifute mimi."

"Wewe si mwanachama," Buntrock alisema, amechanganyikiwa.

"Basi niandikishe kwanza, halafu unifute!"

Mtu mmoja akacheka, akajutia. Orville aliacha beji ikining'inia kwenye pini moja. Akavuta pumzi ndefu. Kisha, wasomaji, uso wake ukaanza kulegea, na wote wakaona kwamba anasamehe.

"Haidhuru," alisema. "Haidhuru. Tutaibandua hii ya kwako taratibu, na ile ya kiwandani iko chini yake. Lyle ataisoma, mambo yaishe. Iko chini yake, siyo?"

Corliss akarudi hatua moja nyuma.

"Corliss. Lebo yangu iko chini yake?"

"Haipo, Babu. Niliibandua wakati wa Pasaka. Kwa kikausha nywele. Ilitoka nzima, haikuchanika hata kidogo."

"Ipo salama?"

"Niliibandika kwenye buti la gari la Bi. Thistlewood. Mkuu wa shule. Ili... ili na yeye awe polisi."

Bi. Odessa alijifunika uso kwa kofia, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Ni sawa," Orville alisema, kwa sauti ya mtu anayevuka mto juu ya gogo. "Tutampigia simu huyo mama. Tutamwomba. Gari analo hapo shuleni?"

Corliss alitazama mawingu, kisha ardhi, kisha babu yake.

"Alikuwa nalo," alisema. "Ameliuza, Babu. Wiki iliyopita. Na aliyelinunua ameligeuza teksi."